Mapambazuko ya Saa Tisa Mchana

Siku ya nane ya kununiana na wifi yangu, saa tano asubuhi, niligundua kwamba chumba cha nondo kina giza wakati kilitakiwa kiwe na mwanga.

Nianze na huko kununiana, maana ndiko kulikozaa balaa lote. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Hakuolewa, hakuzaa, na ukitaka akufukuze muulize kwa nini. Mama yao alimwachia kazi ya kufuga nondo wa hariri na kuuza mayai yao kwa wafugaji wa viwavi, ila nyumba yenyewe kwenye hati ina jina la mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu na mpaka leo hawezi kutofautisha nondo dume na jike. Msimu mmoja ugonjwa ulituharibia mayai, msimu uliofuata joto. Basi mume wangu akakata kauli: na msimu huu yakiwa mabovu, Jumatatu anatia saini, nyumba inauzwa. Wifi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akasema, "Haya si maneno ya mdogo wangu. Kuna mtu kamlisha." Kuanzia hapo hatukusemeshana tena.

Na aliyemlisha ni mimi, sikatai. Nondo wanapopiga mbawa hutoa unga mwembamba, unaelea chumbani, unaingia puani, hautoki. Wifi ameuvuta unga huo miaka thelathini. Daktari alimwambia kifua chake hakiwezi tena kukaa chumba kimoja na nondo, naye akamjibu daktari kwamba kifua ni chake. Nilikuwa namsikia akikohoa mpaka anashika ukuta. Ndipo nikamwambia mume wangu, uza ile nyumba, dada yako atafia mle. Wifi mwenyewe sikumwambia. Mwanamke mwenye akili zake hamwambii wifi yake jambo kama hilo usoni, hasa wifi mwenye ulimi kama wa huyu.

Sasa kazi yenyewe. Tuna chumba kimoja kikubwa kisicho na dirisha. Ndani mna trei arobaini, kila trei ina vifukofuko hamsini vya aina tunayoiita Weupe, na ndani ya kila kifukofuko amelala mdudu anayegeuka kuwa nondo. Akishaiva hatoki saa yoyote anayotaka. Anatoka alfajiri, taa inapowaka, kwa muda wa saa moja au mbili, basi. Aliyechelewa anangoja alfajiri ya kesho. Nondo wanahesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kuanzia mwanga unapoingia, na hesabu hiyo wanayo mwilini, hawahitaji kutazama ukutani. Akitoka hali chakula wala hana shughuli nyingine duniani. Dume anatafuta jike, na kufumba na kufumbua wameshashikana.

Hapo ndipo ulipo ugumu. Jike Mweupe anatakiwa akutane na dume wa aina ya Manjano, anayeletwa na mfugaji mwenzetu, kwa sababu watoto wa mchanganyiko huo ndio wenye afya. Mweupe akishikana na Mweupe, ambao ni ndugu tumbo moja, mayai yao yanaangua viwavi legelege wanaokufa kabla ya kusokota uzi. Kwa hiyo siku ya kutoka tunakuwa tayari mlangoni kabla ya taa kuwaka, pamoja na wachambuaji wanne wa kibarua, na tunawatenga madume na majike kabla hawajaonana. Kwa hesabu ya siku zetu, siku hiyo ilikuwa kesho yake, saa kumi na mbili alfajiri.

Taa inaendeshwa na saa iliyofungwa ukumbini, nje ya chumba. Ni gurudumu lenye meno, kila jino robo saa. Mama mkwe aliinunua ikiwa imeshatumika kwenye banda la kuku, na namba zake zilifutika kabla mimi sijaolewa. Umeme ukikatika gurudumu linasimama, na siku ya nondo inasimama nalo. Kwa hiyo mama mkwe aliweka utaratibu: umeme ukirudi, hesabu ulikuwa umekatika saa ngapi, sogeza meno kwa idadi hiyo, kisha nenda kamwambie mwenzio kwa mdomo, "Nimesogeza." Mwenzio anajibu, "Nimesikia." Mama mkwe hakupenda mambo ya kuandika. Alisema ukutani watu hawasomi, lakini wakiambiwa wanasikia. Na juma la mwisho mlango wa chumba haufunguliwi kabisa, waliolala wasisumbuliwe, kwa hiyo kazi pekee inayobaki ni hilo gurudumu.

Katika siku zile nane umeme ulikatika mara nne. Kila uliporudi nilikwenda ukumbini, nikahesabu, nikasogeza. Halafu nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Asubuhi hiyo nilikuwa napiga deki ukumbini. Nilipoinama kusukuma maji chini ya lile blanketi tunaloning'iniza mlangoni, sikuona ule mstari wa mwanga unaopita chini ya mlango. Nilidhani taa imeungua. Nikaweka dekio chini, nikachukua tochi, nikamulika saa ya taa. Ukingoni mwa gurudumu kuna nukta ndogo ya rangi ya kucha ambayo mama mkwe aliitia kuonyesha alfajiri, huioni mpaka umulike kwa ubavu. Taa inawaka nukta hiyo inapofika kwenye mshale. Nilitegemea kuikuta imeshaupita mshale tangu saa kumi na mbili. Ilikuwa bado haijafika.

Nikahesabu meno yaliyobaki. Kumi na sita. Nikahesabu tena kwa kidole, nikiyagusa moja moja. Kumi na sita, ndiyo saa nne. Saa tano na nne, tisa. Alfajiri ya chumba kile ilikuwa inakuja saa tisa mchana, siku hiyo hiyo, na sisi wachambuaji wetu tumewaita kesho.

Mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye gurudumu nilipoelewa. Mara ya kwanza umeme ulikatika saa tatu, mara ya pili nne, mara ya tatu tatu, mara ya nne tano. Jumla kumi na tano. Mimi nilisogeza kumi na tano, kwa haki kabisa. Lakini kwa nukta ile, chumbani ilikuwa tayari saa nane usiku wa kuamkia kesho: kilikuwa mbele ya dunia kwa saa kumi na tano. Maana yake kuna mtu mwingine aliyekuja kila mara baada yangu, au kabla yangu, akasogeza kumi na tano zake, akaondoka na pua juu bila kusema neno. Na watu wenye ufunguo wa ukumbi ule ni wawili.

Nilimtukana wifi kimoyomoyo, kisha nikajitukana mimi. Halafu likanijia wazo jingine, na nitalisema lilivyo. Nikinyamaza, basi. Sihitaji kufanya lolote. Namaliza kupiga deki, nakwenda kupika. Saa tisa taa inawaka, nondo wanatoka peke yao bila sisi kuwaona, wanashikana ndugu kwa ndugu, kesho alfajiri tunafungua mlango tunakuta msimu umekwisha. Lawama itaangukia umeme, kama kawaida ya nchi nzima. Jumatatu mume wangu anatia saini. Wifi analia mwezi, ananichukia miaka miwili, lakini anapumua.

Nilisimama pale na tochi inayowaka. Nilimsikia akikohoa upande wa pili wa nyumba, chumba cha majani, kile kikohozi chake cha kuanza na kusita. Kilipotulia nilisikia anaendelea kukata majani ya mforosadi kwa ajili ya viwavi wadogo, kisu kinagonga ubao taratibu, taratibu, kama mtu asiye na haraka na anayejua kesho atafanya nini. Nilijisikia mwizi. Nikazima tochi, nikaenda.

Chumba cha majani walikuwemo wifi na Mama Pacha, mfagizi wetu, ambaye kwa siku nane alikuwa mkalimani wa watu wawili wanaojua lugha moja. Nilisimama mlangoni.

"Wifi," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Mama Pacha, mwambie mwenzio aliyesimama hapo kwamba ananizibia mwanga."

"Anasema unamzibia—"

"Nimesikia. Wifi, uliisogeza saa ya taa?"

Kisu kikasimama. "Mama Pacha, mwambie kwamba kama yeye hakumbuki kazi za nyumba hii, wengine tunakumbuka. Nilisogeza mara zote nne. Ningemngoja yeye tungekuwa wapi?"

"Na mimi nilisogeza mara zote nne," nikasema.

Mama Pacha alifungua mdomo atafsiri, akaufunga. Wifi aliinua uso. Nilimwona anahesabu, midomo ilicheza kidogo, tatu, nne, tatu, tano, kisha akakiweka kisu chini.

"Nukta iko wapi?" akaniuliza. Mimi, si Mama Pacha.

"Meno kumi na sita kabla ya mshale."

"Saa tisa."

"Saa tisa."

Alikwenda ukumbini mbio, nami nyuma yake, na alipofika pale alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Akashika gurudumu kwa mikono miwili. "Nalirudisha nyuma. Wabaki usiku mpaka kesho."

"Wifi, uliniambia mwenyewe mama alishajaribu."

Alijua kuliko mimi. Mwaka mmoja mama mkwe alichelewa kupata madume ya Manjano, akazima taa siku nzima ili awazuie Weupe. Walitoka vilevile, gizani, kwa saa yao ile ile waliyokwisha kuizoea. Giza haliwadanganyi nondo. Miili yao imeshazoea alfajiri ya saa tisa, na saa tisa watatoka, taa iwake isiwake. Wifi aliachia gurudumu kidole kimoja kimoja.

"Vifukofuko elfu mbili," akasema. "Pigia wachambuaji."

Nilipiga. Wawili walikuwa kiwandani, wanatoka jioni. Mmoja hakupokea. Wa nne alisema yuko safarini na atarudi usiku, akaniuliza kama kesho bado ipo. Nilimkatia simu. Mama Pacha alitoka bila kutumwa, akarudi na fundi baiskeli wa jirani, jitu la miraba minne lenye mikono ya grisi, ambaye alikuwa hajawahi kushika nondo katika maisha yake. Wifi alimtazama mikono.

"Nawa kwa sabuni mpaka kiwiko," akamwambia. "Halafu sikiliza. Jike ana tumbo nene na ametulia. Dume ni mwembamba na anatetemesha mbawa kabla hata hazijakauka. Ukiona anayehangaika, huyo ni dume, mtie kikapuni."

"Kama wanaume wa baa," fundi akasema.

Wifi hakucheka. Alitugawia trei kumi kumi. Akatueleza jambo moja ambalo mimi nilikuwa nalifahamu nusu nusu: madume hutangulia. Si kwa muda mrefu, pengine nusu saa, lakini wanatangulia. Kwa hiyo tusihangaike kutenga jike na dume. Tuwatoe wa mwanzo wote, haraka, chumba kibaki bila dume, ili majike wakitoka wakute hakuna mtu. "Mkiwahi hiyo nusu saa, tumepona," akasema. "Mkiikosa, msijisumbue kunitazama usoni."

Saa nane na nusu tuliingia. Tulikuwa na tochi nne tulizozifunga karatasi nyekundu za plastiki, kwa kuwa mwanga mwekundu nondo hauoni. Tulijifunga vitambaa puani. Wifi alijifunga chake, akavumilia dakika tano, akakivuta chini kwa sababu hakuweza kupata pumzi. Nilimwona. Alijua nimemwona.

Kulikuwa kimya. Nikainamia trei yangu ya kwanza na kusikiliza. Mwanzo hamna kitu. Kisha, robo saa kabla ya taa, ikaanza ile sauti, mkwaruzo mdogo, kama mtu anayekuna kitambaa kwa ukucha, hapa, pale, kisha kila mahali. Ncha za vifukofuko zililowa, zikawa kahawia. Kichwa kikatokeza, miguu, mwili mnyevu wenye mbawa zilizokunjamana. Wa kwanza akaanza kutetemeka. Dume. Nikamtia kikapuni. Wa pili dume. Wa tatu.

Saa tisa kamili taa iliwaka, tukakunja nyuso sote. Kuanzia hapo sikuwa na nafasi ya kufikiri. Walikuwa wanatoka kumi kwa mpigo. Nachukua huyu, kule wametoka wanne. Nawafuata wanne, nyuma yangu wanatambaa wengine kumi. Mama Pacha alikuwa anawahesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Fundi baiskeli alishangaza, vile vidole vinene vilikuwa vinamshika nondo kwa ulaini na kumwachia kikapuni bila kumvunja ubawa. Alishaacha utani. Jasho lilimtiririka, hakulifuta, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kumfutia.

Unga ulikuwa umeanza kupanda. Ulionekana kwenye mwanga wa taa, ukizunguka polepole juu ya trei, mweupe. Tukapiga chafya, tukaendelea. Mapigo ya mbawa kikapuni yalikuwa kama mvua ya mbali. Nilitupa jicho upande wa wifi: trei tisa safi, ya kumi anaimaliza, mikono inakwenda kama cherehani. Nikasema moyoni, tunaweza. Nilikuwa nimeshasahau kabisa kwamba saa tano asubuhi sikutaka tuweze.

"Majike," akasema Mama Pacha. "Majike wameanza."

Ndipo nilipotambua kwamba sijasikia kikohozi cha wifi kwa muda mrefu. Nikageuka. Hakuwa anakohoa kwa kuwa hakuwa na hewa ya kukoholea. Alikuwa ameshika ukingo wa rafu, mabega yamepanda mpaka masikioni, midomo imegeuka rangi, na mkono wa pili bado unamtafuta dume mmoja kwenye trei. Nilimkamata kiunoni. Akanipiga kiwiko. Nikamkamata tena, nikamburuta mpaka ukumbini, kisha mpaka kwenye ngazi za nje, nikamkalisha kwenye hewa. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa mfukoni mwake. Nilimshikia mdomoni, akavuta, akavuta tena.

Nilihesabu pumzi zake. Kila pumzi ilikuwa inapiga mluzi. Nilikuwa naogopa, naogopa kiasi kwamba nilitaka kumzaba kibao kwa kuniogopesha.

"Rudi ndani," akasema alipopata sauti.

"Ukifa hapa nitamwambia nini mdogo wako?"

"Mwambie uliyomwambia mwanzo." Akavuta pumzi. "Ulimwambia auze."

"Nilimwambia."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungenijibu nini?"

"Ningekutukana." Alitulia, akakusanya hewa ya sentensi nyingine. "Ila ungekuwa umeniambia."

Aliniangalia kwa macho mekundu, na nikaona anatafuta kitu, kama anavyotafuta dume kwenye trei ya majike.

"Nukta uliiona saa ngapi?" akauliza.

"Saa tano."

"Ulikuja kwangu saa tano na robo. Niliangalia saa, nilikuwa nangoja muda wa dawa. Kutoka ukumbini mpaka chumba cha majani ni hatua ishirini. Hiyo robo saa ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Deki ilikuwepo, maji yalikuwepo, uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Nilikuwa nafikiria kunyamaza," nikasema.

Wifi alinitazama kwa muda ambao kule ndani pengine ulikuwa na thamani ya trei nzima. Kisha akanisukuma kifuani kwa kiganja, kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo. "Trei zangu hazina mtu," akasema. "Nenda."

Nilikwenda. Trei zake nne zilikuwa zimeshaharibika: majike walikuwa wametoka, na madume wachache waliobaki nyuma wamewakuta. Walikuwa wamekaa wawili wawili, kimya, mkia kwa mkia, wametulia kama waliomaliza safari. Nilizibeba trei hizo nje moja moja, nikazifunika kitambaa. Nyingine zote tuliziokoa. Tulifanya kazi mpaka saa kumi na moja kasoro, mimi, Mama Pacha na fundi baiskeli, hakuna aliyesema zaidi ya "huyu" na "yule". Walipokoma kutoka, tulihesabu. Majike mia sita na kumi na mbili, hakuna aliyeguswa. Waliobaki kwenye vifukofuko wangetoka kesho saa hiyo hiyo. Nikampigia mfugaji mwenzetu alete madume yake ya Manjano jioni ile ile badala ya asubuhi. Akalalamika, akaja.

Fundi baiskeli alikaa chini ukutani, nyusi nyeupe kwa unga. "Sasa hawa," akauliza, akionyesha vikapu vya madume, "wamekosa nini?"

"Wamewahi kuamka," Mama Pacha akamjibu.

Mume wangu alipiga simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi kando ya wifi. Alikuwa ameegesha lori mahali fulani, nilisikia injini za wengine. Akauliza habari za nondo kama anavyouliza siku zote, kwa adabu ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa wa jirani.

"Wametoka leo," nikamwambia. "Majike mia sita, wazima. Usiuze."

"Wewe ndiye uliyeniambia niuze," akasema. Sauti yake ilisikika nje ya simu, na wifi alikuwa umbali wa kiwiko.

"Najua nilichosema."

"Na kifua chake je?"

Kwa mwaka mzima tulizungumzia kifua hicho, mimi na yeye, kwenye simu, kitandani, mezani, kama kwamba mwenye kifua hayupo. Niliitoa simu sikioni, nikampa wifi. "Anauliza habari za kifua chako," nikasema. "Mjibu mwenyewe."

Wifi aliipokea. Alikaa nayo kidogo bila kuiweka sikioni, akitazama zile trei nne zilizofunikwa, kisha mlango wa ukumbi. Midomo yake ilikuwa imerudia rangi yake, lakini mabega yalikuwa bado juu.

"Kifua kimekwisha," akamwambia mdogo wake. "Hapana, nisikilize, nina pumzi chache. Nyumba huuzi. Na mimi mle ndani siingii tena, kuanzia leo. Umefurahi? Ataingia mkeo. Kazi anaijua, leo nimemwona. Kasoro yake ni mdomo, na huo tutaurekebisha."

Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka kusema kwamba mimi niliingia kwenye kazi ile kwa ndoa, si kwa kupenda. Kwamba na mimi nina mapafu mawili tu. Kwamba nilichotaka ni mlango ule ufungwe, si kukabidhiwa. Nilikuwa nimemtoa wifi kwenye unga kama nilivyotaka kwa mwaka mzima. Mahali alipotoka palibaki pengo, na kwenye ngazi zile hapakuwa na mtu mwingine wa kuliziba. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa mchana kutwa.

Wifi alinirudishia simu. "Kesho saa nane na nusu," akasema. "Mimi nitakaa hapa nje, nitakuwa nakuita kila baada ya dakika kumi, na usipoitika nitaingia kukutoa. Kitambaa usikivue hata ukiona kinakukera."

Nikamwambia sawa. Kisha nikaenda bombani kunawa ule unga mikononi, na ulichukua muda kutoka.